Mablanketi ya Siku ya Ishirini

Mke wangu alikuwa na mlango mmoja ambao sikuruhusiwa kuupita. Si wa chumba cha kulala, msije mkaniwazia mengine. Ulikuwa mlango wa chumba cha uani, kile chenye mashine ya kutotolesha vifaranga, na marufuku yenyewe ilikuwa ya siku tatu tu katika kila siku ishirini na moja. Siku kumi na nane za mwanzo nilikuwa huru kuingia, nikamsaidia kugeuza mayai, nikapiga soga, hata nikaegemea ukuta nikasinzia. Ikifika siku ya kumi na tisa anafunga, ufunguo anauweka kifuani, na hata mtoto wa rais angekuja na yai la dhahabu asingefunguliwa. Mwenyewe aliingia kwa ubavu, mlango ukiwa wazi kiasi cha kupitisha mwili wake tu, na mwili wake haukuwa mdogo.

Siku za kimya, ndivyo alivyoziita. Alizirithi kwa mama yake, ambaye alilaza kuku wake uvunguni mwa kitanda na hakutaka mtu ainame kuchungulia kuku akikaribia kuangua. Kuku akisumbuliwa siku hizo anaacha mayai. Nilimwambia mara nyingi kwamba mashine haiwezi kuacha mayai ikaenda zake. Alinijibu kwamba ikifunguliwafunguliwa unyevu unatoka, ngozi ya ndani ya yai inakauka, na kifaranga kinanaswa humo kama mtu aliyevaa shati la mdogo wake. Nikaridhika. Miaka kumi na miwili niliridhika, sikuuliza anafanya nini mle ndani siku hizo tatu. Ningeuliza, leo nisingekuwa na haya ya kuwasimulia.

Watu walimwita Mama Vifaranga. Jina lake halisi nadhani tulilijua watatu: mimi, kitambulisho chake, na shangazi yake aliyemlea. Zamani alikuwa mfagizi wa shule. Akaacha, akanunua mashine iliyotumika ya mayai mia tano, sanduku la bati na mbao kubwa kama kabati la nguo, lenye kidirisha cha kioo mbele na feni ndani. Watu walimletea mayai kwenye ndoo zenye pumba. Aliyapokea moja moja, akalitikisa yai karibu na sikio, kisha akaliandika kwa penseli: alama ya mwenyewe upande mmoja, msalaba upande wa pili, ili ajue lipi limegeuzwa na lipi bado. Siku ya saba anazima taa na kuyamulika kwa tochi. Lisilo na mishipa linarudishwa kwa mwenyewe akakaange.

Kipimajoto cha mashine hakukiamini sana. Alichukua yai akaligusisha kwenye kope ya jicho alilolifumba, akatulia kidogo, kisha akasema limezidi au limepungua. Mimi nilijaribu mara moja. Nilichohisi ni yai.

Umeme ulikuwa unakatika hata zamani, nisimsingizie mtu. Ukikatika, dawa yake ilikuwa moja: tunaziba matundu ya hewa kwa vitambaa, tunafunika mashine kwa mablanketi matatu, tunasubiri. Joto linakaa humo saa nne, tano, umeme unarudi, tunafunua. Kazi ya kufunika ilikuwa yangu kwa sababu ya urefu wangu, na niliijua hata nikiwa nimefumba macho: blanketi la kijivu juu, la bluu mbele, lenye maua nyuma. Ukikatika kwenye siku za kimya, hapo mimi sikuhusika. Aliingia kwa ubavu, akajifungia, akatoka umeme ukirudi. Nilidhani anafunika mwenyewe kwa kupanda juu ya ndoo.

Halafu likaja Jumba.

Lilijengwa kwenye kiwanja cha kiwanda cha nyuzi kilichokufa, mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Halina madirisha. Refu, jeupe, na uzio wa nyaya mara mbili. Mimi nililinda kile kiwanda cha nyuzi mpaka siku kilipofungwa, kwa hiyo walipotafuta walinzi nilikuwa wa kwanza kuitwa. Nilipewa koti, buti na kirungu, na jina la Kamanda likaanza. Nilishangilia, siwezi kuficha. Mtu wa umri wangu kupata kazi ya geti yenye mshahara unaofika tarehe ileile kila mwezi, unataka nini tena?

Kijana mmoja fundi wa mle ndani, tuliyemwita Injinia, alinieleza wanachofanya. Alikuwa na adabu zake, hakupita getini bila kuniamkia. Aliniambia ndani hakuna watu, kuna makabati ya kompyuta, maelfu. Mtu yeyote duniani akiiuliza akili bandia swali kwenye simu yake, swali linakuja kwenye majumba kama lile, makabati yanafikiri, jibu linarudi. Kufikiri kunakula umeme. Umeme ukiliwa unakuwa joto. Joto lazima litolewe, na kulitoa kunakula umeme mwingine pamoja na maji. Nikamuuliza watu wanauliza nini. Akacheka, akasema kila kitu: mwingine anataka hotuba ya harusi, mwingine anataka picha ya paka amevaa suti. Tulifundishwa kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawa nikaona wamejenga saluni.

Nilienda kumsimulia mke wangu, tukacheka sana. Tuliacha kucheka miezi michache baadaye, mgao wa umeme ulipoanza. Kwanza mara mbili kwa wiki, kisha kila siku ya pili, kisha wakati wowote wanaotaka wao. Ofisi ya umeme ilisema matumizi yameongezeka na mitambo haitoshi. Ilisema pia kwamba Jumba ni mteja maalumu, lina mkataba, haliguswi. Bei ya umeme ikapandishwa ili ijengwe laini mpya, na laini ilipojengwa ikaenda Jumbani. Ule mtambo wa zamani wa mafuta mazito, uliozimwa kwa sababu ya moshi wake, ukawashwa tena, tukawa tunaanika shuka nyeupe asubuhi na kuanua za kijivu jioni. Visima vikashuka. Kinyozi alihama. Mchomelea vyuma alibaki, lakini alifanya kazi umeme ulipopatikana, na majirani wakawa wanamlaani kwa makelele ya usiku badala ya kulaani waliomfanya afanye kazi usiku. Mwenye nguvu mpishe. Tulimpisha, tukabaki kugombana wenyewe kwa wenyewe.

Mke wangu alinunua jenereta ndogo. Ilifanya kazi ya punda mwaka mzima, halafu ikafa. Fundi aliifungua, akatuonyesha pistoni iliyoungua, akasema mashine hizi zimetengenezwa kwa dharura, nyinyi mmeifanya ajira. Wateja wakaanza kupungua. Mtu akileta mayai mia akapata vifaranga arobaini, hata akikupenda vipi, safari ijayo anatafuta kwingine. Mama Vifaranga hakulalamika kwangu hata siku moja. Alijua koti langu limeandikwa nini mgongoni. Mimi ndiye niliyekuwa nachokozeka. Akikaa kimya nilihisi ananisema, nikagomba bila sababu, chumvi imezidi, ndala zangu zimehamishwa. Alikuwa ananitazama tu, anasema, "Umemaliza?"

Sasa niwaambie habari ya kuku, maana hapo ndipo penye kidonda.

Pale uani alikuwa na kuku kumi na saba ambao hawakuuzwa wala kuchinjwa. Walikuwa kizazi cha kuku wa mama yake. Wa kijivu, shingo tupu zisizo na manyoya, miguu myeusi, wabaya wa sura kuliko kuku yeyote niliyewahi kumwona, na nilimwambia hivyo siku ya kwanza alipohamia kwangu na jogoo kapuni. Mama yake alikufa hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha hao. Shangazi aliwatunza, akampa mke wangu siku anaolewa, na tangu hapo kila alipokaa walikaa naye. Asubuhi akiwarushia chakula alizungumza nao kwa maneno aliyozungumza mama yake. Niliwahi kumsikia anamwambia kuku mmoja, "Wewe umefanana na bibi yako." Nikaondoka polepole nisije nikacheka.

Mwezi mmoja alikusanya mayai themanini na mawili ya hao kuku wake, akayaweka kwenye mashine pamoja na mia tatu na kitu ya wateja. Siku ya sita ya mayai kuwa ndani, mdondo uliingia mtaani. Ni ugonjwa usiobisha hodi: kuku jioni mzima, asubuhi amepinda shingo, mchana amekufa. Aliwachanja wake lakini alichelewa. Ndani ya siku tisa wote kumi na saba walikwisha. Wa mwisho alikuwa yule aliyefanana na bibi yake. Tulichimba shimo nyuma ya choo, tukawafukia, naye akasimama pale akiwa ameshika jembe na kusema, "Bado yapo mle ndani."

Aliyamulika tena siku hiyo. Katika yale themanini na mawili, sabini na moja yalikuwa hai. Kwa hiyo kizazi chote cha kuku wa mama yake kilikuwa ndani ya lile sanduku, na sanduku lilikuwa linakula umeme. Hakuna aliyehitaji kunieleza.

Siku ya kumi na tisa, simu ikaja. Shangazi amefariki. Mazishi kesho asubuhi, huko aliko, safari ya nusu siku.

Nilimwona mke wangu akikaa chini palepale mlangoni pa chumba cha mashine. Asiyemzika aliyemlea atamzika nani? Lakini angeondoka vipi? Aliniuliza ratiba ya mgao inasemaje. Ilisema upande wetu una umeme siku zote mbili. Akaniambia nimpigie Injinia, kwa kuwa Jumba hupata habari za umeme kabla yetu. Nikampigia. Injinia akaangalia, akasema, "Kesho kwenu shwari, mzee. Mwambie mama aende na amani." Kijana yule hakusema uongo. Ndivyo karatasi yake ilivyosema.

Basi mke wangu akatoa ufunguo kifuani, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, akanikabidhi. Nikaomba ruhusa kazini, mwenzangu akashika zamu yangu. Maagizo yalikuwa mafupi kwa sababu gari lilikuwa linaondoka: ongeza maji kwenye sinia la chini kupitia mpira wa nje, usizime feni, na usifungue mlango wa mashine hata ukiona nini. "Hata ukisikia wanalia," alisema. "Watalia. Waache." Kuhusu umeme kukatika hatukuzungumza. Umeme haukuwa wa kukatika.

Siku ya ishirini niliamka nikaenda moja kwa moja chumbani. Nilisimama mbele ya kile kidirisha, na nikasikia. Vilio vidogo, kutoka ndani ya mayai, kama wanaulizana kama kumeshakucha. Yai moja lilikuwa na ufa wa nyota. Mimi mzee mzima nilivuta ndoo nikakaa, nikawasikiliza nusu saa nzima. Nilimpigia simu mke wangu nikamwambia wanaongea. Alikuwa njiani kuelekea makaburini na sauti ilikuwa imekauka kwa kulia, lakini alicheka kidogo, akaniuliza kama wale wa mama yake nao wanaongea. Nikasema hao ndio wanaopiga kelele kuliko wote. Sikuwa na namna ya kujua, lakini nilisema.

Saa nne umeme ukakatika.

Feni ilizunguka ikapungua ikasimama. Ile namba nyekundu ya kipimajoto ikazimika pamoja nayo. Nilisubiri dakika tano nikidhani utarudi. Siku hiyo joto la nje lilikuwa la ajabu, hata mbwa walikuwa wamelala kwenye mitaro, na baadaye tuliambiwa ndilo lililosababisha: mitambo ya kupoza Jumba ilihitaji umeme zaidi ya ule ulioandikwa kwenye karatasi, na umeme huo ukachukuliwa kwetu. Lakini wakati ule sikujua sababu. Nilijua tu kwamba mashine imezimika na mayai ya mama mkwe yamo ndani. Nikampigia mke wangu, simu imefungwa. Walikuwa makaburini.

Nikafanya ninachokijua. Nikaziba matundu ya hewa kwa vitambaa, moja baada ya jingine, nikavisukuma kwa kidole vizibe barabara. Blanketi la kijivu juu, la bluu mbele, lenye maua nyuma. Nikaona hayatoshi, nikaleta na shuka letu nikazungushia chini.

Kisha nikafikiria joto. Nyuma ya Jumba, upande wa ukuta wa mashariki, kuna mashavu makubwa ya chuma yanayotoa upepo wa moto usiku na mchana. Miti ya upande ule imekauka majani. Siku za baridi sisi walinzi huenda kuota kule kwa zamu. Joto lote lile linatupwa hewani, na mimi natafuta joto la kutosha sanduku moja. Nikampigia Injinia. Nikamwomba kwa unyenyekevu ambao sijawahi kumwonyesha mtu: niruhusiwe kupakia trei kwenye mkokoteni, niziegeshe nyuma ya ukuta, mpaka umeme urudi. Akaenda kumuuliza msimamizi, akarudi. Alisema, "Mzee Kamanda, samahani. Hakiruhusiwi kitu cha nje kupita geti. Wewe mwenyewe ndiye unayewarudisha watu."

Ni kweli. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemrudisha mwanamke aliyetaka kuchota maji yaliyokuwa yanavuja kwenye bomba lao.

Nikarudi chumbani, nikakaa juu ya ndoo. Vifaranga walikuwa wanalia kwa nguvu zaidi kuliko asubuhi. Nilisikia hata kupitia mablanketi. Nikafurahi, nikasema joto limewakolea, wana nguvu. Kwenye saa saba kelele zilianza kupungua. Kwenye saa nane kulikuwa na sauti moja tu, kisha nayo ikanyamaza, nikajisemea wamelala. Nilikumbuka kwamba hizi ni siku za kimya. Nilitoka nje kwa ncha ya vidole nisiwaamshe, nikavuta mlango polepole.

Umeme ulirudi saa kumi na moja jioni. Mke wangu alifika muda si mrefu baadaye, akiwa na vumbi la makaburini kwenye viatu. Hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Nilimfuata hadi mlangoni, nikasimama, maana sikujua kama ruhusa yangu bado ipo. Hakunizuia. Aliingia, akasimama katikati ya chumba akaitazama mashine ilivyofunikwa, kitambo kirefu. Kisha akatoa blanketi moja moja, akalikunja, akaliweka chini. Akatoa vitambaa kwenye matundu. Akafungua.

Wengi walikuwa wametoboa. Midomo ilikuwa nje ya maganda, mia na zaidi, yote imeachama. Alichukua yai lenye alama ya mama yake, akaligusisha kwenye kope, kisha la pili, la tatu. Nilimuuliza limepungua? Akatikisa kichwa. Nikasema, "Ni umeme. Saa saba nzima, mama. Nilifanya kila kitu."

"Ni umeme," akasema.

Wateja walipokuja aliwaambia hivyo hivyo, umeme, na hakuongeza neno. Mimi niliyaongeza maneno kwa niaba yake. Nililitukana Jumba sokoni, nikalitukana kwenye foleni ya maji, nikalitukana hata nikiwa nimevaa koti lake. Kikaitishwa kikao cha wakazi, akaja mama mmoja wa Jumba mwenye daftari na sauti laini, nami nikasimama nikasema mbele ya watu wote kwamba wameua vifaranga mia tatu na sabini, na kati yao kizazi cha kuku wa marehemu mama mkwe wangu, kwa sababu ya picha ya paka mwenye suti. Watu walipiga makofi. Mama yule aliandika, akatupa pole, na wiki iliyofuata kila nyumba ikaletewa mche wa mti wa kutunza mazingira. Wa kwetu ulikauka. Maji ya kumwagilia yangetoka wapi?

Mke wangu hakuja kwenye kikao kile. Alisema kichwa kinamuuma.

Miezi miwili ikapita ndipo bwana mifugo alipokuja kukagua kama mdondo umekwisha mtaani. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikamsimulia yote, nilikuwa nimeshalizoea lile simulizi, nalisema vizuri: feni, Injinia, mablanketi matatu na shuka juu yake. Hapo kwenye mablanketi akaacha kuandika. Aliniuliza ilikuwa siku ya ngapi. Nikasema ya ishirini. Akaniuliza na matundu? Nikasema niliyaziba yote, halikupita hata chozi la upepo.

Alikuwa mtu mpole, alitafuta maneno. Alinieleza kwamba mayai ya siku za mwanzo hayana joto lake, ndiyo maana hufunikwa. Ya siku za mwisho yanatoa joto yenyewe, kifaranga kimeshaanza kuvuta pumzi, na umeme ukikatika siku hizo unafungua matundu yote, ukiweza hata na mlango unauacha na upenyo. "Kwa joto la siku ile, mzee, wengi wangefika jioni salama," alisema. "Walikosa hewa." Kisha akaniomba radhi, kama yeye ndiye aliyefanya kitu.

Nilikaa juu ya ndoo yangu mpaka mke wangu aliporudi. Nilikuwa nakumbuka zile sauti. Walikuwa wanalia kwa sababu ya mkono wangu, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yao nafurahi.

Nilimkuta chumbani anakunja nguo alizoanua. Lile blanketi la bluu lilikuwa kitandani. Alikuwa ameyafua yote matatu tangu siku ile, tunajifunika nayo.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Hakuuliza nini. "Nilijua nilipoingia, kabla sijafungua. Niliyaona mablanketi."

"Mbona ulisema umeme?"

"Kwani ni uongo? Umeme usingekatika, usingefunika." Akakung'uta shati langu, akaendelea kukunja. "Na mimi nisingekufungia mlango miaka kumi na miwili, ungejua la kufanya. Nikuseme wewe, nijiseme mimi, halafu humu ndani tubaki na nani?"

Nililia, sioni aibu kusema. Yeye hakulia. Alimaliza kukunja zile nguo, akazipanga, zangu huku zake kule.

Hakutotolesha tena. Mashine aliinunua mtu aliyetaka feni na mabati yake tu. Sanduku la mbao lililobaki alituachia, sasa linawekewa viatu. Chumba hakifungwi siku yoyote. Yeye amerudi kufagia, safari hii ofisi moja ya mjini, nusu siku, na mshahara unaoilisha nyumba ni wangu, ule wa geti. Siku hizi sigombi. Kila tonge ninalokula naliona linatokea wapi.

Siku tuliyotoa vitu kwenye meza ya chumba kile, nilikuta kwenye droo kipimajoto cha kioo, kidogo, kile cha zamani kisichohitaji umeme. Siku ile sikujua kama kipo. Nilikitia mfukoni mwa koti. Asubuhi ya zamu yangu nilizunguka nyuma ya Jumba mpaka kwenye yale mashavu ya chuma, nikakishika mbele ya upepo, nikahesabu mpaka mia. Kikasoma thelathini na nane. Kwenye kope yake, mke wangu angesema limezidi kidogo, rudi hatua moja. Nikarudi hatua moja. Joto lilikuwepo, na hewa ilikuwepo, tele, inanipeperusha koti, inapita juu ya ile miti iliyokauka na kwenda zake.

Simu ya geti ikalia. Nikakifuta kipimajoto, nikakirudisha mfukoni, nikaenda kulifungulia lori la dizeli.